Ukuta wa Kibla Unatoa Jasho

Tarehe 3 Februari

Dada yangu,

Assalaam alaykum. Barua hii ikukute mzima wewe, shemeji na watoto, na Mama yetu ambaye kila nikikaa kula namkumbuka. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu. Bado anafundisha shule ileile, na sauti imemkauka kwa kelele za darasa la pili. Mwanao ameota jino la tatu na anauma kila anachokikuta, kidole cha baba yake kikiwemo.

Sasa kama umesimama, keti. Nimekabidhiwa Msikiti Mkongwe. Matengenezo yote, kuanzia msingi mpaka kilele cha mnara. Wahandisi sita tuliomba, nikachaguliwa mimi. Kazi nimeianza tangu Oktoba, ila sikuandika kwa sababu nilitaka kwanza niwe na kitu cha kuonyesha, nisije nikasema mtoto kabla mimba haijatunga.

Sijui nikuelezeje. Kwa nje jengo lenyewe halijitangazi. Kuta nene za mawe, madirisha madogo, mlango mmoja mfupi unaokuinamisha kichwa, utake usitake. Ukishainama ukainuka, ndipo unapoona. Nguzo ishirini na nne, kila moja ina pembe nane, na matao juu yake yanapokezana mpaka ndani kabisa. Paa lote limelala bapa isipokuwa mbele ya mihrabu, ambako kuna kuba moja tu. Na hilo kuba, dada, limekaa juu ya kuta nne za mraba! Wale waliolijenga hawakuwa na chuma hata kipande. Kila pembe ya mraba wakaiziba kwa tao dogo, nne zikawa nane, nane zikawa kumi na sita, na duara likakaa juu kama kofia kichwani. Nimesoma miaka mitano, na siku ya kwanza nilisimama pale mdomo wazi.

Mihrabu imezungukwa na aya zilizochongwa kwenye chokaa ingali mbichi, herufi nene kama mkono wa mtoto. Mkono uliozichonga haukutetemeka hata mara moja, nimezikagua zote kwa tochi.

Ukuta wa kibla tumeshaupiga lipu upya, na umenyooka kama karatasi. Asubuhi unatoa jasho kidogo, lakini msimu huu kila kitu kinatoa jasho. Tutafungua Desemba. Mwambie Mama ajiandae, nitamtumia nauli aje aone kazi ya mwanawe.

Nduguyo.

&nbsp;

Tarehe 26 Februari

Kwako Rula,

Waalaykum salaam. Jina hilo sikuachii, hata ukabidhiwe misikiti kumi. Mtu aliyepima kimo cha mbuzi kwa rula ya shule ataitwa Rula mpaka anazeeka.

Tumefurahi mno. Mama amenisomesha barua yako mara tatu. Ya tatu alinitoa nje nikaisome kizingitini, kwa sauti, wakati jirani wa nyumba ya pili anapita, na nilipofika pale pa wahandisi sita akaniambia, "Hapo rudia." Mguu wake unamsumbua bado, lakini tangu barua ije anatembea kama aliyesahau kwamba unauma. Shemeji yako yuko safarini na lori. Gia zilimharibikia njiani akalala siku mbili kwa watu. Watoto wazima. Mkubwa kanipita kimo.

Mimi niko na kazi yangu. Tanuri niliwasha wiki iliyopita, mawe yameiva vizuri, na nimeshaanza kuyazima kwa maji yawe chokaa. Shimo la kwanza limejaa.

Hilo la kuba nimelielewa kuliko unavyodhani. Nilichukua magunzi nikalijenga mezani, na pembe zikakubali.

Sasa nijibu mambo matatu tu. Lipu ya ukuta wa kibla umepiga ya nini? Mchanga mmeutoa wapi, na nani aliuosha? Na hilo jasho likikauka, linaacha unga mweupe?

Dada yako.

&nbsp;

Tarehe 9 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Salaam kwenu nyote. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi imenizidi kimo. Wifi yako alipata mafua, sasa amepona. Mtoto anasimama kwa kushika meza, na akianguka anatutazama sisi kwanza, kujua kama ni jambo la kulia.

Furaha ya Mama imenipa nguvu. Mwambie hata wageni kutoka mbali wanakuja kuona. Kila Alhamisi tunaruhusu kikundi kimoja kuingia, na kuna mama mmoja mwenye miwani anayewatembeza. Anaujua msikiti ule kama jikoni kwake. Kamati nayo inaniamini. Mwenyekiti wake hatoki pale, kila siku ana swali jipya.

Kuhusu ukuta, usitie shaka. Vipimo vyote vimepita maabara. Tunatumia vifaa vya kisasa, na ile lipu ya zamani ilikuwa imechakaa mno, tuliibandua yote isipokuwa kwenye maandishi.

Kazi ya tanuri isikuue. Kwa umri wetu huu ungeweza kutafuta kitu chepesi.

Nduguyo.

&nbsp;

Tarehe 2 Mei

Kwako mdogo wangu,

Barua yako imefika. Pole kwa mafua ya wifi. Mama anaendelea, ila daktari amesema asipande ngazi. Shemeji yako amerudi na lori linatembea. Shimo la pili nalo limejaa.

Mwezi uliopita nilisafiri kidogo kwa shughuli zangu, nikarudi salama.

Sina jingine.

Dada yako.

&nbsp;

Tarehe 19 Juni

Dada,

Natumaini hamjambo. Barua yako ya Mei ilikuwa fupi mpaka wifi yako akageuza karatasi kutafuta upande wa pili. Kama kuna nililokukosea, niambie.

Sisi wazima. Mtoto ametembea hatua nne, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, kisha akajipigia makofi mwenyewe.

Kazi inaendelea. Kuna mambo madogomadogo ya hapa na pale, kama ilivyo kwenye jengo lolote la zamani. Nilitaka kukuuliza kitu. Marehemu Baba hakuacha daftari? Nakumbuka alikuwa na vipimo vyake vya chokaa, sehemu ngapi za mchanga, ikae majini muda gani, na kile alichokuwa akichanganya kwa ajili ya kuta zinazogusa udongo. Si kwamba nalihitaji sana. Ni kwa kumbukumbu tu, isije ikapotea. Ukilipata, lifunge vizuri ulitume kwa njia ya haraka.

Kwa haraka kweli, tafadhali.

Nduguyo.

&nbsp;

Tarehe 1 Julai

Kwako mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Mama anakusalimu. Anakula, analala, na ananigombeza, kwa hiyo mzima. Furahi kwa hatua nne za mtoto. Nne za leo kesho ni arobaini, halafu utatafuta pa kuficha vyombo.

Daftari halipo. Baba alijua kuandika jina lake tu, na hata hilo alilichora. Ulipokuwa shuleni hukuona alivyofundisha. Alinisimamisha kando ya shimo miaka kumi na tisa. Mwiko ukiingia kwenye chokaa ukatoka na uchafu, bado. Ukitoka safi, tayari. Mchanga alinionjesha kwa ulimi, na nikisema hauna chumvi wakati inayo, alinioshesha gunia zima upya. Baba hakuacha daftari. Aliniacha mimi.

Sasa nikueleze safari ile ya Aprili. Nilikuja huko.

Nilipanda lori la shemeji yako, nikamwambia Mama naenda kutafuta chekeche mpya. Ilikuwa Alhamisi ya tarehe 24. Nilichukua udhu kwenye hodhi la uani, maji yake baridi yakanitoa uchovu wote wa njia, nikajiunga na kikundi cha walimu waliokuja kutembea. Yule mama wa miwani akatuongoza. Niliinama mlangoni, nikainuka, na nikubali neno lako: kuona kwa barua si kuona. Machozi yalinitoka, na mimi si mtu wa machozi.

Wenzangu walitazama juu. Mimi nilitazama chini, na nyuma ya nguzo, mahali ambapo hakuna anayepatazama, maana fundi mvivu huonekana huko. Sikumwona mvivu. Lipu ya zamani kwenye nguzo ni nyembamba kuliko kucha, imesuguliwa kwa kiganja mpaka inateleza kama kisogo cha mtoto mchanga. Kwenye nguzo moja, usawa wa goti, kuna alama ya dole gumba. Nililiweka langu pale likaenea. Kwenye vidaka vya taa, ndani kabisa ambako mkono hauingii bila kujikunja, kazi ni ileile. Mwalimu mmoja alisoma aya kwa sauti ya chini mbele ya mihrabu, na mimi niliyekuwa safu ya mwisho nikasikia kila herufi. Watu walisema ni kuba. Kuba, ndiyo, lakini na chokaa pia. Saruji isingekupa sauti ile.

Nilijivuna, mdogo wangu. Nilijivunia watu nisiowajua, waliochafuka mikono kama yangu.

Halafu nikafika ukuta wa kibla. Wenzangu wakausifu weupe wake. Mimi nikalowesha kidole, nikapitisha, nikaonja. Chumvi. Chini ya mihrabu rangi imeshaanza kututumka, na ukigonga kwa kifundo cha kidole, ndani panaitikia kama mtungi mtupu. Umeuvisha ukuta ule saruji kama koti la mvua, ukalifunga vifungo mpaka shingoni. Maji yanayopanda kutoka ardhini yatoke wapi? Yanapita kwenye maandishi, kwa sababu ndiyo mahali pekee palipobaki na chokaa.

Nilitaka kukutafuta nikwambie. Kabla sijageuka, ukaingia mwenyewe, na kofia yako ya ujenzi mkononi, pamoja na mwenyekiti wa kamati. Ulipendeza. Nilijisemea moyoni, yule ni wetu. Mwenyekiti akakuuliza kama hakuna fundi wa chokaa wa kizamani aliyebaki, wa kushauriana naye. Nilikuwa nguzo ya nne kutoka kwako. Ungegeuka ungeniona.

Ulimjibu, "Hakuna. Waliokuwa wanaijua kazi hii wameshakufa wote."

Nikatoka na kikundi, nikavaa viatu, nikasubiri lori.

Siku ya harusi yako ulinipa glovu nyeupe za kitambaa, ukaniambia ni zawadi. Nikazivaa mchana kutwa mbele ya wakwe zako, nikijua sababu yake ni hii mikono iliyoliwa na chokaa. Nilikusamehe, maana ulikuwa kijana na wakwe ni wakwe. Lakini ile ya Aprili umeisema ukiwa mtu mzima, ndani ya nyumba ya Mungu, na mimi ni hai.

Hayo mambo madogomadogo ya hapa na pale ni yapi? Ukitaka kuniandikia tena, anza na hayo.

Dada yako.

&nbsp;

Tarehe 10 Julai

Dada,

Nimeisoma barua yako ofisini nimefunga mlango. Wifi yako nilimpa aisome jioni, na hajanisemesha mpaka sasa.

Nilisema hivyo. Sina la kujitetea, ila nikueleze, ujue ulinikosea wapi na ulinipatia wapi. Sikuona aibu juu yako. Niliogopa. Nikisema dada yangu anaijua kazi hii, swali linalofuata ni kwa nini sikumuuliza kabla ya kupiga saruji. Na glovu, ndiyo. Zile zilikuwa aibu. Nimejidanganya miaka minane kwamba zilikuwa zawadi.

Mambo madogomadogo ni haya. Tarehe 8 Juni, baada ya sala ya adhuhuri, kipande cha maandishi kilianguka, urefu wa mkono wangu mzima, maneno matano. Hakikumpata mtu. Kilipasuka vipande kumi na saba, nimevihesabu na kuvipanga juu ya blanketi kwenye chumba cha stoo. Upande wa kushoto kingine kinacheza ukikigusa. Ukuta ni kama ulivyoonja.

Kamati imekutana mara mbili. Wengi wao wanataka tubomoe mihrabu yote, tujenge mpya kwa matofali na kuivisha vigae. Wamenipa mpaka mwisho wa Agosti nilete njia nyingine. Nimeandika kwa mafundi wanne. Wawili hawakujibu, mmoja alinishauri saruji, wa nne alinishauri vigae.

Dada, ukuta ule ulisimama mamia ya miaka, ukanikuta mimi. Naomba uje. Kama unayo ile chokaa ya Baba, aliyoizima mwaka wa mwisho wa maisha yake, njoo nayo, maana hapa ndipo mahali pake.

Mdogo wako.

&nbsp;

Tarehe 18 Julai

Kwako Rula,

Salaam. Umeandika kama mtu, na nimekusikia. Mama sijamsomea zile za glovu. Nimemwambia kazi imekushika, basi.

Chokaa ya Baba haipo. Aliyoizima mwaka wa mwisho ilikwenda kwenye jiko la jirani, vyoo vya shule na kisima cha njia panda. Hakuwa mtu wa kujiwekea akiba ya sifa. Iliyopo ni yangu, ya tanuri la mwaka jana. Nimeitoa tanurini mwenyewe, nimeizima mwenyewe, imekaa majini mwaka wa pili huu, na mwiko unatoka safi. Itatosha ukuta wako na itabaki.

Nitakuja kwa masharti.

Siji kwa barua ya mdogo wangu. Mdogo wangu nitamtembelea nikipenda, nikale kwake, nimbebe mwanawe. Nataka barua ya mhandisi, yenye muhuri, isomwe kwanza mbele ya kamati, na iandikwe "Fundi Mkuu wa Chokaa". Si msaidizi, wala mshauri.

Saruji yote ing'olewe kwa tindo na mkono, pole pole. Mashine isikaribie. Ukishaing'oa, ukuta uachwe wiki tano bila kuguswa, upumue. Msinipigie hata chokaa ya maji.

Vile vipande kumi na saba mtu asivioshe. Geuzeni nyuso zake juu, mvifunike.

Na mafundi wako uwaambie mapema kwamba anayekuja ni mwanamke, ili wamalize kucheka kabla sijafika.

Dada yako.

&nbsp;

Tarehe 14 Desemba

Dada yangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Mguu wa Mama unaendeleaje? Tangu uondoke kwa haraka ile, siku kumi na mbili kabla ya ufunguzi, kila jioni wifi yako ananiuliza kama kuna habari. Najua usingeondoka kama Mama asingeanguka, na najua kuta ulikuwa umezimaliza. Hata hivyo nafasi yako ilionekana. Mtoto anakwenda mlango wa chumba ulicholala, anaugonga, anasubiri.

Tangu barua ya muhuri isomwe mbele ya kamati nawe ukaja, hatukuandikiana kwa kuwa tulikuwa pamoja, na pamoja kwenyewe tulizungumza mchanga na maji tu. Kwa hiyo acha nikuandikie uliyokuwa huyaoni, maana ulikuwa juu ya jukwaa umetupa mgongo.

Hukujua kwamba siku uliyofika, msimamizi wa mafundi, huyu tunayemwita Bwana Uzi, alikuja ofisini akaniambia watu wake hawatapokea amri kutoka kwa mwanamke, tena ndani ya msikiti. Nilikuwa naandaa hotuba. Kabla sijaenda kuitoa, ulikuwa umeshawapa kila mmoja kiraka chake cha kupiga lipu nyuma ya mnara, ukuta wa kujaribia, ukajipimia na wewe chako. Baada ya siku tisa vyao vilipasuka kama uji uliokauka, chako kikabaki. Ulipita ukakusanya miiko, ukaiosha. Jioni ile Bwana Uzi alirudi ofisini, akaniuliza kama nadhani wewe ungekubali kumfundisha kuonja mchanga, maana yeye mwenyewe anaona haya kukuomba.

Mzee mmoja wa kamati naye alikwenda kwa imamu kulalamika kwamba mwanamke anapanda mbele ya mihrabu. Imamu alimjibu kwamba mihrabu inaanguka, na kama yeye mzee ana mtu mwingine wa kuishika, amlete kabla ya alasiri. Siku ya magunia mabichi, ulipotaka lipu ifunikwe isikauke kwa pupa, ni yeye aliyekuwa akibeba ndoo. Ulimwita kibarua mara mbili, akaitika.

Mimi nilichokiona ni mikono yako. Ulipovirudisha vile vipande kumi na saba, kila kimoja ulikilaza kiganjani kwanza, ukakilowesha, ukakipaka mgongoni, ukakisukuma mahali pake na kukishika hapo, ukihesabu kimoyomoyo. Cha mwisho ulikishika muda mrefu mpaka nikadhani umesinzia. Nilishuka nikaenda kusimama uani. Bwana Uzi akanifuata akaniuliza kama ni vumbi. Nikamwambia ni vumbi.

Sasa ufunguzi. Ijumaa, tarehe 5. Safu zilijaa mpaka uani, na upande wa wanawake hapakubaki pa kuweka mguu. Baada ya sala mwenyekiti alisimama kushukuru watu. Akanitaja mimi. Akasema mhandisi huyu ameirudisha elimu iliyokufa. Watu wakaitikia kwa kheri, na imamu akanipa nafasi niseme neno.

Nilikuwa na karatasi, nikaikunja. Nikawaambia hivi: "Mwezi wa nne, nikiwa nimesimama hapahapa, nilimwambia mwenyekiti kwamba mafundi wa chokaa wamekufa wote. Nilisema uongo. Mmoja ni dada yangu wa tumbo moja, na siku hiyo alikuwa nguzo ile pale. Saruji iliyoangusha maandishi haya niliipiga mimi. Chokaa iliyoyarudisha aliizima yeye."

Nilifikiri nimejimaliza. Mwenyekiti akanitazama, akatazama nguzo, akauliza kwa sauti yake ya kuuliza maswali, "Ipi?" Nikamwonyesha. Akatembea mpaka pale, na watu wakampisha. Alisimama akaigusa, kisha akarudi akaniambia mbele ya wote kwamba kusema kwangu kweli kumechelewa lakini kumefika. Wakati wa kutoka, wanawake walikuwa wamekusanyika mbele ya mihrabu, na yule mama wa miwani alikuwa anawaeleza lipu. Alikosea kidogo kwenye mchanga. Sikumsahihisha.

Ukuta nimeugusa leo alfajiri. Mkavu. Nimeonja pia.

Mdogo wako,
Rula.

&nbsp;

Tarehe 2 Januari

Kwako mdogo wangu,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mama mguu ulitenguka, haukuvunjika. Ameufunga, amekaa kitini, na anatawala nyumba kutoka hapo. Shemeji yako amempa kengele ya baiskeli ya kuitia watu, na sasa anajuta.

Barua yako nilimsomea yote safari hii, na ile ya Julai yenye habari za glovu pia, maana hukunificha nami sikutaka kumficha. Akaniambia nimletee ndoo ya chokaa. Nikamletea. Akaingiza mkono wake mpaka kiwiko, akautoa, akautazama, akasema, "Baba yenu alikuwa akirudi hivi kila siku, na sikuwahi kumwambia anawe kabla ya kunishika." Kisha akaniagiza nisome tena pale mwenyekiti alipotembea mpaka kwenye nguzo.

Umesema kweli mbele ya watu wengi kuliko uliowadanganya. Kwangu limekwisha, na sitaki tulirudie, hata kwa utani.

Bwana Uzi ameniandikia. Mwandiko wake kama uzi kweli, umenyooka. Anauliza kama anaweza kuja na wenzake wawili wakae hapa msimu mmoja wa tanuri. Nimemjibu aje, na waje na viatu vya kufunika vidole.

Kuna barua nyingine, na hii ndiyo iliyonikalisha chini kukuandikia. Imetoka kwa watu wa mbali, safari ya siku mbili. Imeandikwa kwa Fundi Mkuu wa Chokaa, na mpeleka barua hakuuliza ni nani, alikuja moja kwa moja shimoni. Wana msikiti wa zamani kuliko wako, nguzo arobaini, umeachwa mvua ikaingia. Wamesikia habari za ukuta wa kibla na wanataka nianze mwezi wa tano. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaenda nyuma ya tanuri nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Lipu yao naiweza. Mihrabu yao naiweza, hata kama imebaki nusu. Lakini wameniletea na mchoro wa kuba, lina ufa kutoka kitako mpaka juu, na upande mmoja umeshuka kidole kimoja. Nimejenga kwa magunzi mezani mara sita, na mara sita limeanguka. Sijui linavyobeba uzito. Baba hakujua pia.

Nimewajibu kwamba nakuja na mhandisi wangu. Omba ruhusa kazini mapema.

Dada yako.